Tovuti Yako ya Arusha au Moshi Haionekani Google? Anzia Hapa

Shika simu, fungua Google, andika site:tovutiyako.co.tz kisha tafuta. Weka jina la tovuti yako halisi, na usiache nafasi baada ya nukta mbili. Kama hakuna ukurasa hata mmoja unaotokea, yaelekea Google haijaiingiza tovuti yako kwenye faharasa yake, yaani orodha ya kurasa inazozionyesha kwa wanaotafuta, na chochote utakachopamba kabla ya kulitatua hilo ni kutwanga maji kwenye kinu. Kama kurasa zako zinatokea, lakini ukitafuta "fundi friji Arusha" au "gesti karibu na stendi Moshi" hujioni popote, hiyo ni shida ya pili, na dawa yake ni nyingine.

Watu wengi wanapoteza fedha kwa kuchanganya shida hizi mbili. Aliyefungiwa mlango anauziwa "linki elfu moja". Ambaye ukurasa wake hauna la kumwambia msomaji anauziwa plagini (programu ndogo ya kuongezwa kwenye tovuti) ya kulipia. Kazi ya kuifanya tovuti ionekane kwenye utafutaji, ambayo wengi huiita SEO, ina mpangilio wake: kwanza roboti ya Google, yaani programu yake inayopita ikisoma tovuti, iweze kuingia, pili ikute ukurasa unaojibu swali la mtu, ndipo yafuate mambo ya kasi, ramani na linki. Ukiruka hatua utarudi tu.

Mlango uwe wazi

Kosa la kawaida mno kwenye WordPress ni kisanduku kimoja. Fundi anapojenga tovuti hukitia tiki ili Google isione kazi isiyokamilika, siku ya makabidhiano anasahau kuitoa. Ingia "Settings", kisha "Reading", shuka hadi chini utaona "Discourage search engines from indexing this site". Pasiwe na tiki hapo. Kwa wenye Blogger, nenda "Settings", sehemu ya "Privacy", uhakikishe "Visible to search engines" imewashwa.

Halafu fungua tovutiyako.co.tz/robots.txt kwenye kivinjari. Ukikuta "User-agent: *" na mstari wa chini yake "Disallow: /", umezifungia roboti zote nje, maana huo mkwaju (/) mmoja unasimama badala ya tovuti nzima. Hapa pana mtego unaowanasa hata mafundi. Faili la robots.txt linaizuia roboti kusoma ukurasa, ila haliutoi ukurasa kwenye matokeo ya utafutaji. Kama kuna ukurasa usiotaka uonekane, tumia alama ya noindex, inayoiambia Google isiuingize kwenye faharasa, na usiufunge kwa robots.txt, kwa sababu roboti iliyozuiwa mlangoni haiwezi kuiona hiyo noindex iliyomo ndani.

Angalia pia kama anwani yako inaanza na https. Google ilitangaza mwaka 2014 kwamba inalihesabu jambo hilo katika kupanga matokeo. Uzito wake ni mdogo, lakini kivinjari cha Chrome kinamwandikia mgeni kwamba tovuti isiyo na https si salama, na mteja anayetaka kulipia chumba akiona hivyo anaondoka. Cheti cha https hupatikana bure kwenye hostingi nyingi, yaani kampuni zinazohifadhi tovuti. Usikubali kuuziwa kama kitu adimu.

Baada ya hapo weka Google Search Console, chombo cha Google kinachokuonyesha jinsi inavyoiona tovuti yako. Ni bure, na bila hiyo unafanya kazi gizani.

1. Ingia search.google.com/search-console kwa akaunti ya Google ya biashara yako, siyo ya fundi. Fundi mpe ruhusa kama mtumiaji. Mkikosana, au akihama mji, funguo zinabaki kwako. Vivyo hivyo domeini, yaani jina la tovuti: isajiliwe kwa jina lako.

2. Chagua "Domain", andika tovutiyako.co.tz bila www wala https. Utapewa maandishi yanayoanza na google-site-verification.

3. Nenda kwenye cPanel, ukurasa wa kusimamia hostingi yako, sehemu ya "Zone Editor", ongeza rekodi ya aina ya TXT, jina liwe domeini yenyewe, kisha bandika yale maandishi. Subiri dakika kadhaa, wakati mwingine saa kadhaa, urudi kubonyeza "Verify". Rekodi hiyo usiifute hata baada ya kukubaliwa, kwani Google huirudia kuikagua.

4. Mwenye blogu ya blogspot hana namna ya kugusa rekodi hizo. Achague "URL prefix", aweke anwani nzima ya blogu, na atumie akaunti ileile inayomiliki blogu.

5. Fungua "Sitemaps" uwasilishe ramani ya tovuti. WordPress hutengeneza wp-sitemap.xml yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Ukitumia plagini ya Yoast jina ni sitemap_index.xml, kwa Blogger ni sitemap.xml. Plagini za SEO weka moja tu. Mbili zikikaa pamoja zinaandika alama mara mbili, pengine zinazopingana.

6. Ukurasa mpya ukishauchapisha, bandika anwani yake kwenye kisanduku cha juu kabisa, kisha bonyeza "Request indexing". Mara moja inatosha. Kubonyeza mara kumi hakukusogezi mbele kwenye foleni.

Kisanduku hicho cha juu ndicho cha kuaminika kuliko ile site: tuliyoanza nayo, kwa sababu kinakueleza hali ya ukurasa mmoja mmoja. Majibu mawili yanawachanganya watu sana. "Discovered – currently not indexed" maana yake Google inajua ukurasa upo, ila haijaja kuusoma. Kwenye tovuti mpya hiyo ni kawaida, subiri, huku ukihakikisha ukurasa huo una linki inayouelekea kutoka kwenye kurasa zako nyingine. "Crawled – currently not indexed" ni jambo jingine: Google imekuja, imesoma, imeondoka bila kuuchukua. Mara nyingi ukurasa huwa mwembamba mno, au unafanana na mwingine ulioko tayari. Blogu zinazonakili habari ileile neno kwa neno, mpaka makosa ya chapa, hujaa jibu hili. Google huchagua nakala moja ya kuonyesha, na nakala ya kumi na nne haina sababu ya kuchaguliwa.

Maneno yatoke kinywani mwa mteja

Hapa ndipo mwandishi wa Kiswahili ana nafasi kubwa, na hapa ndipo wengi wanaipoteza kwa kuandika kama barua ya serikali. Mtu wa Njiro anayehama haandiki "malazi ya kupangisha yenye huduma za maliwato ndani". Anaandika "chumba masta Njiro", au "chumba na sebule Sakina". Friji likigoma haandiki "matengenezo ya majokofu". Anayetoka kijijini kulala Moshi mjini anatafuta "gesti", wala si "nyumba ya kulala wageni". Kiswahili sanifu kitumie kwenye maelezo, lakini neno la mtaani liwemo kwenye kichwa na kwenye aya ya kwanza, la sivyo ukurasa wako na mteja wako watapishana njiani.

Jina la mahali nalo lina sura mbili. Mtanzania anasema KIA. Mgeni anayekata tiketi ameona JRO, ambayo ndiyo alama ya uwanja huo kwenye tiketi za ndege. Ukurasa wa Kiswahili wa usafiri uandike "kutoka KIA hadi Moshi", na ule wa Kiingereza uwe na JRO na jina kamili la uwanja. Chemchemi za Boma Ng'ombe wengine wanaziita Chemka, wengine Kikuletwa. Ukiandika jina moja tu umewaacha nusu ya wasomaji nje. Yote mawili yaingie, mara moja au mbili, katika sentensi za kawaida. Kurudia neno mara thelathini hakusaidii: Google inaihesabu hiyo kuwa hila, na msomaji anachoka. Lile sanduku la zamani la "meta keywords" achana nalo kabisa. Google ilisema wazi mwaka 2009 kwamba hailitumii kupanga matokeo.

Namna ya kuyapata maneno haya haihitaji programu ya kulipia. Fungua dirisha la faragha kwenye Chrome, anza kuandika "bei ya", "jinsi ya", "nauli ya", ukifuatisha na biashara yako na mji, uangalie Google inavyomalizia. Soma kisanduku cha maswali ambayo watu pia huuliza. Halafu rudi kwenye WhatsApp ya biashara, pitia ujumbe wa miezi mitatu iliyopita, uandike maswali yote ya wateja kama walivyoyaandika wao. Kwa biashara ndogo orodha hiyo ina thamani kuliko chati yoyote, kwa sababu waliouliza ni watu waliokuwa tayari na pesa mkononi.

Kabla hujaandika, tafuta neno lenyewe uone Google inaonyesha nini. Ikitoa ramani na maduka matatu, unachohitaji kwanza ni wasifu wa biashara kwenye ramani, tutaufikia. Ikitoa video tupu, watu wanataka kuona kwa macho. Ukitafuta hoteli za Arusha kwa Kiingereza, utakuta Booking.com na Tripadvisor wamekaa juu. Usianzie vita hapo. Shuka kwenye swali jembamba ambalo wao hawalijui: lodge yenye maegesho ya magari makubwa ya safari, chumba cha mtu anayeshuka basi usiku wa manane, mahali pa kulala karibu na wanakoanzia mbio za Kilimanjaro Marathon.

Ukurasa mmoja, swali moja

Tovuti nyingi za kwetu zina ukurasa mmoja uitwao "Huduma Zetu" wenye huduma kumi na mbili, kila moja na mstari mmoja. Ukurasa huo haujibu swali la mtu yeyote. Ugawe. Huduma inayokuingizia pesa iwe na ukurasa wake.

Tuchukue fundi friji wa Arusha. Ukurasa wake wa sasa una kichwa "Nyumbani – Karibu" na unaanza hivi: "Sisi ni kampuni inayoongoza kwa ubora na uzoefu wa muda mrefu." Aliyetafuta ana nyama kilo nne zinazoanza kuyeyuka. Hajapata chochote hapo.

Kichwa kipya: "Fundi Friji Arusha: Gharama za Matengenezo na Kujaza Gesi". Kina herufi 57 pamoja na nafasi. Google haina kikomo rasmi, lakini kwenye simu na kompyuta kichwa kikizidi herufi 60 hivi huanza kukatwa, kwa hiyo la muhimu likae mwanzoni na jina la kampuni lije mwisho kama nafasi ipo. Anwani ya ukurasa iwe fupi na isomeke: /fundi-friji-arusha. Kwenye WordPress hakikisha "Permalinks" imewekwa "Post name". Kwenye Blogger anwani ipange kabla ya kuchapisha. Na kama tovuti ni ya zamani, usibadilishe anwani ovyo. Kila iliyobadilishwa ielekezwe kwa 301, yaani agizo la kuhamia moja kwa moja, kwenda mpya, vinginevyo linki zote zilizokwisha kusambaa WhatsApp zinaishia kwenye 404, ujumbe wa ukurasa haupo.

Maelezo mafupi yanayoonekana chini ya kichwa hayakupandishi nafasi, na Google huyabadilisha mara kwa mara ikiona sentensi nyingine inafaa zaidi. Yaandike hata hivyo, kama tangazo la sentensi mbili: unafika maeneo gani, kwa muda gani, mtu akupigie au akutumie ujumbe.

Sasa ndani. Aya ya kwanza: "Tunatengeneza friji na friza nyumbani kwako Njiro, Sakina, Kijenge, Sanawari na Tengeru. Ada ya kufika na kupima ni kiasi hiki. Ukikubali matengenezo inakatwa kwenye gharama." Kisha dalili, moja moja, kwa vichwa vidogo: friji linawaka lakini halipoozi, linatengeneza barafu nyuma tu, linavuja maji, linapiga kelele na kuzima. Chini ya kila dalili eleza kinachoweza kuwa chanzo na mtu akague nini kabla hajaita fundi. Eleza kwamba friji za zamani nyingi hutumia gesi ya R134a na za siku hizi nyingi R600a, kwamba R600a inashika moto ndiyo maana haijazwi na mtu asiyejua, na kwamba aina imeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma au ndani ya friji, hivyo mteja akipiga picha kibandiko hicho fundi anakuja na gesi sahihi. Eleza umeme unavyokatika na kurudi kwa kishindo unavyoua kompresa na kwa nini friji gadi ni ya lazima. Weka viwango vya bei, hata kama ni "kuanzia hapa hadi pale". Ukurasa usio na bei humrudisha mtu Google, na aliyeiweka ndiye anayepigiwa.

Hayo yote fundi anayajua kichwani. Hahitaji kuajiri mwandishi, anahitaji kuyasema kwenye simu kwa kurekodi sauti, kisha mtu ayaandike. Urefu? Hakuna idadi ya maneno inayotakiwa na Google. Maliza swali, uache.

Kuna kishawishi cha kunakili ukurasa huo mara tano na kubadilisha jina la mtaa tu: fundi friji Sakina, fundi friji Kijenge, na kuendelea. Usifanye. Google inazo kanuni dhidi ya kurasa za namna hiyo, na zikigundulika zinaweza kuishusha tovuti nzima. Vilevile kurasa mia zilizomwagwa na programu za akili bandia bila mtu kuzisoma. Kutumia programu hizo si kosa lenyewe. Kosa ni kumwaga kwa wingi vitu visivyomsaidia mtu.

Kwa wanaoandika utalii, jambo hilihili lina uzito zaidi. Kwamba Uhuru ni mita 5,895, kwamba Marangu ndiyo njia yenye vibanda vya kulala na watu hupanda na kushuka hapohapo, kwamba wa Machame hushukia Mweka, yote hayo yameshaandikwa na tovuti maelfu za Ulaya na Marekani. Ukiyarudia umeongeza nakala. Unachoweza wewe, uliyeko Moshi, ni kile ambacho mtu wa London hawezi: bei ya kukodi begi la kulalia na jaketi la baridi mjini, aina gani huisha mapema msimu wa Julai, saizi gani za viatu ni shida kupatikana, unaacha amana gani, ukichana unalipa nini. Ukurasa wa "kukodi vifaa vya mlima Moshi" wenye orodha ya kweli, picha ulizopiga mwenyewe na tarehe ya mwisho kuhakikisha bei, unaweza kushindana na yeyote.

Msimu nao uupangie mapema. Wanaopanda wakati wa kiangazi cha Juni hadi Oktoba hawaanzi kutafuta Juni. Ukurasa wako uwe hewani miezi sita kabla. Na kwa tukio linalorudi kila mwaka usitengeneze anwani mpya yenye mwaka ndani yake. Baki na /malazi-kilimanjaro-marathon, ubadilishe mwaka kwenye kichwa na bei ndani, ili linki zilizokusanyika mwaka jana ziendelee kufanya kazi.

Bei zilizofichwa ndani ya picha

Hii ni tabia yetu sana: menyu, ratiba na bei vinachorwa kwenye bango zuri, kisha bango linapandishwa kwenye tovuti kama picha. Mtu anasoma, kwa Google ni maneno ambayo huwezi kuyategemea kusomwa. Bango likae kama unalipenda, lakini bei ziandikwe pia chini yake kama maandishi ya kawaida.

Picha zenyewe ndizo zinazoua kasi. Picha ya simu ya kawaida ina upana wa pikseli 4000 na uzito wa MB 4 au 5. Kumi za namna hiyo ni MB 40 au zaidi za bando la mgeni kwa ukurasa mmoja, na hatasubiri. Fungua squoosh.app, ingiza picha, punguza upana hadi pikseli 1200, chagua WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), ubora 75, uhifadhi. Mara nyingi utabaki na KB 100 hadi 200, na kwenye kioo cha simu hutaona tofauti. Jina la faili badilisha kutoka IMG_2034 liwe kibandiko-cha-gesi-nyuma-ya-friji. Kwenye sehemu ya "Alt text" eleza kinachoonekana kwa mtu asiyeona: "Kibandiko cha nyuma ya friji kinachoonyesha gesi R600a". Usijaze humo majina ya mitaa yote ya Arusha.

Kisha pima kwenye pagespeed.web.dev, ukisoma upande wa simu, kwa kuwa Google husoma na kupanga tovuti kwa sura yake ya simu. Namba tatu ndizo za kuangalia: LCP, yaani kitu kikubwa kuonekana, isizidi sekunde 2.5, INP, ukurasa kuitikia kidole, isizidi milisekunde 200, CLS, vitu kurukaruka wakati ukurasa unafunguka, isizidi 0.1. Ukishavuka mipaka hiyo acha. Kuhangaika kutoka alama 92 kwenda 100 ni muda ambao ungeandika ukurasa mwingine.

Kiswahili na Kiingereza kwenye tovuti moja

Kila lugha iwe na anwani yake, mfano /sw/ na /en/. Usichanganye aya ya Kiswahili na ya Kiingereza ukurasa mmoja, na usitegemee kitufe kinachotafsiri papo hapo bila anwani kubadilika. Google haitaiona hiyo tafsiri. Kurasa mbili zinazolingana ziunganishwe kwa alama ya hreflang, inayoiambia Google ukurasa ni wa lugha gani, "sw" na "en", kila moja ikiitaja nyenzake na ikijitaja yenyewe. Ikitaja upande mmoja tu, Google huipuuza. Plagini kama Polylang huweka alama hizi yenyewe.

Kuna kosa moja hapa ambalo halionekani mpaka limekwisha kuleta hasara. Baadhi ya tovuti hutambua mgeni yuko nchi gani na kumpeleka kwenye lugha kwa nguvu: aliyeko Tanzania Kiswahili, wengine Kiingereza. Googlebot, ile roboti ya Google, mara nyingi hutembelea tovuti kutokea Marekani. Kwa hiyo kila inapokuja inasukumwa kwenye Kiingereza, na kurasa za Kiswahili haizifikii kamwe. Weka linki ya kuchagua lugha juu ya ukurasa, mtu achague mwenyewe.

Ramani

Kwa fundi, saluni, gesti, duka la vipuri au mgahawa, Google Business Profile, ule wasifu wa biashara kwenye ramani, inaweza kuleta simu nyingi kuliko tovuti yenyewe. Ni bure. Google inaangalia mambo matatu: biashara inaendana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha. Viwili vingine unaweza.

Jina liandike kama lilivyo kwenye kibao chako. Kuongeza "Bora Arusha Bei Nafuu" kwenye jina ni kuvunja kanuni, na wasifu unaweza kusimamishwa. Aina kuu ya biashara ichaguliwe kwa umakini kuliko kitu kingine chochote humo. Fundi friji aliyejiweka "duka la vifaa vya umeme" ataonyeshwa kwa wanaotaka kununua friji. Pini isogeze kwa mkono mpaka ikae juu ya paa lako, maana ramani mara nyingi huibwaga barabara kuu. Kama wateja hawaji kwako, ficha anwani uweke maeneo unayofika. Uthibitisho siku hizi mara nyingi ni kwa video: onyesha barabara na kibao cha mtaa au namba ya nyumba, kibao cha biashara, kisha ufungue mlango au ushike vifaa vya kazi, bila kukata.

Namba ya simu iwe moja, na iandikwe kwa +255 kila mahali: kwenye ramani, tovuti, Facebook, Instagram. Maoni ya wateja omba kwa kutuma linki ya moja kwa moja siku ileile kazi imekwisha. Usiyanunue, usitoe punguzo ili upewe nyota, Google inakataza. Aliyelalamika mjibu kwa adabu na kwa ufupi, kwa kuwa jibu hilo linasomwa na mteja ajaye.

Linki

Linki kutoka tovuti nyingine bado ni ushahidi ambao Google inautumia. Anza na watu unaofanya nao kazi: lodge unayoipelekea wageni, chama cha biashara ulichojiunga, shule uliyoifungia friza, mkulima wa kahawa unayempeleka mgeni shambani kwake Materuni. Waombe wakutaje kwenye tovuti zao na linki yako, kwa jina la kawaida. Linki tano za namna hii zinazidi mia za kununuliwa. Barua pepe inayokuahidi nafasi ya kwanza ndani ya siku saba ifute. Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kuahidi hilo. Ukilipia tangazo kwenye blogu ya mtu, linki iwekewe rel="sponsored", alama ya kwamba imelipiwa.

Usisahau linki za ndani. Ukurasa wa friji umpeleke msomaji kwenye ule wa friza, na maneno ya linki yaseme anakokwenda: "gharama za kutengeneza friza", siyo "bonyeza hapa".

Baada ya miezi mitatu, soma namba

Google yenyewe inasema matokeo ya kazi hii huchukua miezi minne hadi mwaka. Kwa hiyo wiki ya pili usibomoe ulichojenga.

Fungua Search Console, "Performance", chagua miezi mitatu, washa mionekano, mibofyo na nafasi ya wastani, kisha panga kwa mionekano. Tuseme ukurasa wa friji umeonekana mara 900, umebofywa mara 9, nafasi ya wastani ni 4. Hiyo ni asilimia 1. Nafasi ni nzuri, watu wanakuona na kukupita, basi tatizo ni kichwa na maelezo: pengine anayekuzidi ameweka bei, wewe hukuweka. Ukurasa mwingine uko nafasi ya 11 hadi 15 na una mionekano mingi: huo Google inauamini nusu nusu, ndio wa kuongezewa nyama na linki za ndani kwanza. Halafu shuka chini kwenye maneno usiyoyategemea. Ukikuta "friji inashoti nikigusa" na hujaandika neno juu ya hilo, umeletewa kichwa kidogo cha kesho.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, uandike tarehe kwenye daftari, usubiri wiki nne kabla ya kuhukumu. Search Console inatunza miezi 16 tu, kwa hiyo pakua takwimu kila mwisho wa mwaka, uweze kulinganisha Julai ya mwaka huu na Julai mbili zilizopita.